Anayesimama Badala ya Mwalimu Mkuu

Amesimama. Miguu kaitanua kidogo, mikono iko nyuma, kidevu juu, macho kayakaza kwenye dirisha lililovunjwa kioo. Chini ya viatu vyake kuna kipande cha utepe wa njano kilichobandikwa sakafuni, na hana ruhusa ya kutoka juu yake hata kidogo. Taa kubwa zimemwelekea usoni. Jasho linamtiririka nyuma ya masikio, lakini hajifuti.

“Kivuli, sogea kushoto nusu hatua,” fundi taa anaita kutoka juu ya ngazi.

Anasogea.

“Aa, umepitiliza. Rudi kidogo. Hapo hapo! Usipumue.”

Watu wanacheka. Na yeye anacheka, ila kwa midomo tu, maana akicheka mpaka mabega yakatikisika atatoka kwenye mwanga na kazi itaanza upya.

Ukimuuliza mtu anafanya kazi gani akakujibu “nasimama,” utadhani anakufanyia mzaha. Mzee huyu hafanyi mzaha. Katika msimu wote wa kwanza wa tamthilia ambayo watu mitaani wanaiita Ile ya Shule, kazi yake imekuwa kusimama mahali ambapo mwalimu mkuu atasimama, kukaa mahali ambapo mwalimu mkuu atakaa, na kuegemea mlango ambao mwalimu mkuu atauegemea. Mafundi wakimaliza kupanga taa na kamera, yeye anaondoka, na mwigizaji mkuu, mtu maarufu ambaye hapa wote wanamwita Mkuu, anaingia akiwa mkavu, kapakwa poda, shati halina hata tone la jasho.

“Tunapishana hapo kwenye utepe,” anasema Kivuli. “Mimi natoka, yeye anaingia. Ananiambia ‘asante, mzee.’ Kila mara, hajawahi kusahau. Halafu mimi naenda kukaa nyuma ya pazia.”

Ana miaka hamsini na tisa. Urefu wake ni sawasawa na wa Mkuu, rangi ya ngozi ni ile ile, na kichwa kimeanza kuwa na upara kuanzia mahali pale pale. Wamempa koti la kijivu linalofanana na la Mkuu, la bei nafuu zaidi, na miwani yenye vioo vitupu, ili mpiga picha aone kama taa zitang’aa kwenye miwani. Siku za mwanzo alisahau akaenda nayo nyumbani. Jirani yake, mama wa mapacha ambaye nyumba nzima inamwita Mama Pacha, alimwona nayo uani akashika kiuno.

“He! Baba, siku hizi miwani? Umeanza kusoma?”

“Nimeanza kusimama,” alimjibu. Mama Pacha akadhani ni utani wa kizee, akaendelea kuanika nguo zake.

Kwa asiyeifuata tamthilia yenyewe, hadithi ni hii: shule moja imeshika mkia katika matokeo, walimu wanaikimbia mmoja mmoja, wazazi wanawahamisha watoto, na serikali imesema ikifika mwisho wa mwaka bila mabadiliko itafungwa. Analetwa mwalimu mkuu mpya, mtu mkimya, anayelala ofisini kwake. Kila Ijumaa jioni watu wanakaa mbele ya runinga kuona kama shule itapona. Wakati sehemu za mwanzo zinaonyeshwa, za mwisho zilikuwa bado zinarekodiwa, katika jengo la chuo kilichohama, mwisho wa barabara ya vumbi.

Jengo hilo lilikuwa zima kabisa. Vioo vilikuwepo, kuta zilikuwa nyeupe. Ndipo alipoingia Kivuli, kabla hajaitwa Kivuli.

“Mimi ni mpaka rangi,” anasema, na hapo sauti yake inanyooka. “Zaidi ya miaka thelathini nimepaka nyumba za watu. Kazi yangu ilikuwa kuficha nyufa. Hawa wakaniita nizichore! Nikachora nyufa, nikachora unyevunyevu kwa maji ya chai, nikabandua rangi niliyoipaka mwenyewe juzi yake. Nilikuwa naona aibu. Nikawa naomba asipite mteja wangu wa zamani akaniona.”

Alikuwa amepiga magoti akimalizia doa karibu na mlango wa ofisi ya mwalimu mkuu, wakati mafundi wanajaribu taa. Walihitaji mtu wa kusimama. Muongozaji, kijana mwembamba asiyeachana na kikombe cha kahawa, akatazama huku na huku, akamnyooshea kidole.

“Wewe mzee, hebu njoo usimame hapa.”

“Roho iliniruka,” anakumbuka. “Nikajua nimeharibu ukuta. Nikaanza kuomba radhi huku natembea.”

Akasimama. Mpiga picha akatazama kwenye kamera, akamwita muongozaji naye atazame. Siku hiyo hakurudi kwenye doa lake. Doa lile liliachwa nusu, na ukitazama vizuri sehemu ya kwanza ya tamthilia utaliona limekatika ghafla juu ya swichi.

Malipo ya siku ya kusimama ni sawa na malipo ya kupaka chumba kimoja kidogo. Si haba, anasema, na mgongo hauumi kama zamani. Lakini ukikaa naye siku mbili tatu unagundua kwamba hesabu ya fedha siyo inayomtoa nyumbani asubuhi akiwa amenyoa ndevu na kupiga pasi shati ambalo halitaonekana na mtu.

Mkewe alifariki miaka sita iliyopita. Hawakujaliwa mtoto. Watoto wa kaka yake wapo, wamekua, kila mmoja na pilikapilika zake, wanampigia sikukuu zikifika. Anapanga chumba kimoja kwenye nyumba yenye ua wa pamoja, na majirani zake ni watu wema.

“Wananisalimia vizuri,” anasema. “Asubuhi nasalimiwa, jioni nasalimiwa. Sina la kulalamika. Basi kila mtu anaingia kwake anafunga mlango, na mimi naingia kwangu.” Ananyamaza kidogo. “Ningekuwa mlevi ningekuwa na marafiki.”

Anacheka peke yake.

Kule kwenye kurekodi yalikuwa mambo mengine. Kabla ya kamera kuwaka, waigizaji wanapenda kujaribu maneno yao, na mtu wa kuyajaribia ni yule aliyesimama pale. Kwa hiyo Kivuli, ambaye kwake siku nzima inaweza kupita bila kuambiwa zaidi ya habari za asubuhi, akajikuta anaambiwa mambo kutwa. Anaombwa ushauri. Analaumiwa. Mwalimu wa hesabu amemlilia begani kwamba anataka kuacha kazi. Mzazi mmoja alimfokea mpaka mate yakamrukia. Kanuni ni kwamba yeye hajibu. Yeye anasimama, basi. Majibu ni ya Mkuu.

Alianza kuivunja kanuni hiyo mapema, na kwa sababu ambayo mtu yeyote aliyelelewa angeielewa. Walikuwa wakipanga taa darasani. Watoto waliovaa sare wakasimama wote kwa pamoja kama walivyofundishwa: “Shikamoo, mwalimu!”

“Marahaba, wanangu. Hamjambo?”

“Hatujambo!”

Darasa zima likaangua kicheko. Msaidizi wa muongozaji, binti mwenye redio ya mkononi kiunoni na sauti inayosikika mpaka barabarani, akamfuata taratibu.

“Mzee wangu, wewe huitikii. Unasimama tu.”

“Binti yangu, nimepewa shikamoo,” akamwambia. “Niiache ipite hivi hivi?”

Kuanzia siku hiyo wakamwacha aitikie, na ikawa desturi. Walirekodi tukio lile mara nyingi, na mafundi wakatumia muda mrefu kwenye taa. Kivuli aliitikia shikamoo zote alizopewa. Jioni ile, anasema, alitembea mpaka nyumbani akiona uzito fulani kifuani, uzito wa kupendeza, kama mtu aliyeshiba.

Kosa kubwa lilikuja katikati ya msimu.

Lilikuwa tukio la ofisini. Mwalimu mkuu yuko peke yake, watoto wameondoka, jua linazama. Mpishi wa shule anaingia na sahani iliyofunikwa. Anayeigiza mpishi ni mwanamke wa makamo, mcheshi, mwenye miaka mingi kwenye jukwaa, na wote wanamwita Mama Jiko hata akiwa amevaa nguo zake za kawaida. Ana tabia moja: hajaribu maneno kwa kuyapitia juujuu. Hata kama anamwambia mtu wa kupangia taa, anamtazama machoni na kuuliza kama anayetaka kujua.

Akaweka sahani mezani. Akamtazama Kivuli.

“Mwalimu,” akasema, “na nyumbani je? Nani anakuwekea chakula?”

Kwenye skripti Mkuu alitakiwa kujibu: “Usijali, nitakula baadaye.” Kivuli alitakiwa asijibu chochote.

“Hakuna mtu,” Kivuli akasema. “Napika kikombe kimoja cha wali. Nakula nimesimama, maana nikikaa ile meza inakuwa kubwa.”

Hakuna aliyecheka. Fundi taa alikuwa juu ya ngazi na waya mkononi, akabaki nao hivyo hivyo. Mama Jiko hakuondoa macho. Nyuma ya kamera muongozaji akashusha kikombe chake cha kahawa.

“Nani kaandika hiyo?” akauliza.

Mwandishi wa skripti, aliyekuwa amekaa kwenye ngazi za mlangoni, akatingisha kichwa: si yeye. Halafu akatoa kalamu.

Kivuli anasema alitamani sakafu ipasuke. Maneno yale hakuwahi kumwambia mtu, hata yeye mwenyewe hakuwahi kuyasema kwa sauti. “Ni ule mwanga,” anajitetea. “Ukikaa kwenye mwanga ule huoni watu. Unamwona yule mmoja aliye mbele yako. Naye ananiuliza kabisa. Mtu akiniuliza, najibu.”

Muongozaji alimjia, akamshika bega, akamuuliza kama wanaweza kuyatumia. Akasema tumieni, haraka haraka, ili tu wamwache aende nyuma ya pazia. Mwandishi wa skripti alimnunulia soda.

Lakini aliyemfuata nyuma ya pazia alikuwa Mama Jiko.

“Kaka yangu,” akamwambia, “ndivyo unavyoishi kweli?”

“Aa, dada, nilikuwa natania tu.”

“Unatania?”

“Natania. Nina watu tele.”

Mama Jiko alimtazama, akaitwa na msaidizi wa muongozaji, akaenda. Kivuli anaposimulia hapo anajisugua paji la uso kwa kiganja. Aliulizwa mara mbili siku ile, anasema, mara ya kwanza kwa kuigiza akasema kweli, na mara ya pili kwa kweli akaigiza.

Mama Jiko, alipoulizwa na mwandishi wa makala haya, alitoa guno. “Mimi ni mwigizaji, unadhani sijui? Mtu anayetania akishasema anakutazama kuona kama umecheka. Yule alitazama chini. Nilijua. Lakini mtu mzima akishakwambia ana watu tele, utamvuaje nguo? Nilingoja aseme mwenyewe.”

Sehemu ile ilionyeshwa Ijumaa moja, wiki chache baadaye. Kivuli hana runinga. Anaitazama kwa kusimama dirishani kwa Mama Pacha, ambaye huacha pazia wazi kwa sababu ya joto na huongeza sauti kwa sababu ya mapacha. Mkuu aliketi kwenye ile ofisi, ndani ya ule mwanga uliopangwa kwa kumsimamisha Kivuli. Mama Jiko akauliza. Mkuu akanyamaza kwa muda mrefu, midomo ikamtetemeka, akasema, neno kwa neno, habari ya kikombe cha wali na meza inayokuwa kubwa. Chozi likamdondoka juu ya karatasi.

“Yeye alilia,” anasema Kivuli. “Mimi siku ile sikulia. Nikajiuliza, kumbe ilitakiwa kulia?”

Ndani, Mama Pacha alikuwa akijifuta macho kwa ncha ya khanga. “Masikini mwalimu mkuu!” akasema kwa sauti. “Mtu mzima na heshima zake, kula peke yake kama paka! Mie jirani yangu angekuwa hivyo nisingekubali, wallahi.” Akageuka, akamwona Kivuli dirishani. “Umeona, baba? Umeona mateso hayo?”

“Nimeona,” akajibu.

Akaingia chumbani kwake. Alikuwa ameshapika.

Usiombe maneno yako yashike mtaani. Kufikia Jumatatu vijana wa kituo cha bodaboda walikuwa wakiulizana, “Vipi, shemeji karudi?” na kujibizana, “Wapi! Nakula nimesimama!” Muuza vocha aliyeachwa na mchumba aliandika kwenye kibao chake kwamba leo anakula amesimama, msimsumbue. Fundi cherehani akawa anawaambia wateja vivyo hivyo. Hata Mama Pacha, mumewe aliposafiri, alikuwa akipita uani na sufuria akisema, “Basi na mimi juma hili nakula nimesimama, baba, tutafanyaje!” na kucheka mpaka anashika ukuta.

Kivuli alicheka naye. Mara moja moja alitaka kusema. Aliipanga kabisa kichwani, asubuhi, akinyoa ndevu: leo nitamwambia yale maneno ni yangu. Lakini aseme vipi? Angemwambia kwamba yale aliyoyalilia yako mlango wa pili, nyuma ya ukuta wake? “Angejiona vibaya,” anasema. “Yeye ni mtu mzuri. Ningemharibia tamthilia yake.”

Kilichobaki kumpa matumaini kilikuwa msimu wa pili. Tamthilia imependwa, wadhamini wamefurahi, na kila mtu kwenye lile jengo alikuwa na hakika utakuwepo. Kivuli naye alikuwa na hakika, mpaka fundi taa alipomweleza jambo ambalo hakuwa amelifikiria: mkataba wake haupo kwa jina lake. Yeye yupo kwa sababu Mkuu yupo. Mkuu akiongezwa mkataba, na yeye kaongezwa. Mkuu akiondoka, urefu wake na upara wake havina kazi tena.

Basi akaanza kumtazama Mkuu kama mkulima anavyotazama mawingu. Mkuu akicheka na watayarishaji, siku yake inakuwa nzuri. Mkuu akizungumza kwenye simu huku amekunja uso, chakula cha mchana hakishuki. Wasiwasi huo hakumwambia mtu. Angemwambia nani?

Siku ya mwisho ya kurekodi, taa zilipokwisha kupangwa, Kivuli akatoka kwenye utepe na Mkuu akaingia. Safari hii Mkuu hakusema asante. Alimshika mkono.

“Mzee, mimi sirudi,” akamwambia kwa sauti ndogo. “Nimepata kazi nyingine, ya sinema. Nimeona wewe nikwambie mwenyewe, usisikie kwa watu.”

“Hongera, mwanangu,” Kivuli akasema.

“Umenisimamia vizuri sana.”

“Si kitu.”

Akajikaza kisabuni, akaenda nyuma ya pazia. Tukio lililorekodiwa siku hiyo ni lile ambalo wengi wamelitazama na kulijadili: mwalimu mkuu anahamishwa, watoto wanasimama uani mistari miwili, anapita katikati yao na begi lake. Wakati wa kupanga taa ni Kivuli aliyepita katikati ya mistari ile, tena na tena, kwa ajili ya kamera inayotembea. Watoto walimwambia kwaheri mwalimu kila alipopita. Alisema kwaheri kila alipoambiwa, na hakuna aliyemkataza.

Baada ya hapo palikuwa na tafrija ndogo. Meza ziliunganishwa ndani ya darasa, vyakula vikapangwa, muziki ukawashwa. Waigizaji walikaa na waigizaji, mafundi na mafundi. Kivuli alichukua sahani yake akaenda kusimama karibu na mlango, ubavuni mwa ukuta aliouchora nyufa mwenyewe, akawa anakula pale.

Mama Jiko alimwona kutoka upande wa pili. Alikuwa amekaa katikati ya watu, anasimulia kisa na wote wanacheka. Akakikatisha. Akabeba sahani yake, akapita kati ya viti, akaja akasimama kando ya Kivuli, mgongo ukutani. Akaanza kula.

Walikula hivyo kwa muda, wawili, wamesimama, wakitazama watu. Mtu akamletea Mama Jiko kiti, akakisukuma kwa mguu.

“Dada,” Kivuli akasema hatimaye.

“Naam, kaka.”

“Siku ile sikutania.”

“Najua.”

“Sina watu tele.”

“Najua, kaka yangu. Kula kwanza, kinapoa.”

Kivuli anasema alikula. Anasema pia kwamba alilia, kidogo, na kwamba Mama Jiko aligeuka akatazama upande mwingine mpaka alipomaliza, kwa adabu.

Msimu wa kwanza ukaisha. Jengo likafungwa, taa zikapakiwa kwenye lori. Kwa wiki kadhaa Kivuli alipata nyumba mbili za kupaka, zote zimehamwa, vyumba vitupu vinavyorudisha sauti. Alikuwa akifika, anachanganya rangi, anapaka, anaosha brashi, anarudi. Mara moja, anakiri kwa haya, aliitikia “marahaba” ndani ya chumba kitupu, kwa sababu watoto walikuwa wakisalimiana na mtu huko nje barabarani. Mama Jiko humpigia simu Jumapili. Huzungumza kuhusu magoti yake na bei ya nyanya, na Kivuli huketi kitandani, simu sikioni, mpaka sikio linapata joto.

Kwa Mama Pacha hajasema bado. Alipokubali kuzungumza na mwandishi, aliuliza kama Mama Pacha anasoma gazeti hili. Akaambiwa huenda. Akafikiri. “Basi asome,” akasema. “Ila uandike kwamba ni jirani mwema. Uandike hivyo hasa.”

Mchana mmoja, mwandishi akiwa chumbani kwake, simu inaita. Chumba ni kidogo na kisafi: kitanda, jiko la mafuta, makopo ya rangi yaliyopangwa kwa ukubwa, na ile meza, ambayo kwa kweli si kubwa hata kidogo. Anayepiga ni msaidizi wa muongozaji, yule binti mwenye redio kiunoni. Kivuli anawasha spika ya simu, kwa sababu hasikii vizuri upande wa kulia.

“Shikamoo, mzee wangu!”

“Marahaba, binti yangu. Hamjambo huko?”

“Hatujambo. Mzee, msimu wa pili tunaanza mwezi ujao. Mwalimu mkuu mpya ni mwanamke, mfupi hivi, kwa hiyo…” Anasita. “Kwa hiyo ile ya kusimama tumeshapata mtu mwingine. Samahani sana, mzee.”

“Nilitegemea.”

“Lakini kuta tunakuhitaji! Safari hii shule imeanza kupona, tunataka upake rangi vizuri, kila kitu. Utaingia kabla ya sisi wote, majuma mawili utakuwa peke yako pale, hakuna wa kukusumbua.”

Kivuli anatazama sakafu. Majuma mawili, jengo zima, peke yake. Anafunga macho, kisha anayafungua.

“Nitapaka,” anasema. “Lakini nina ombi, binti yangu.”

“Sema, mzee.”

“Yule dada wa jikoni aliniambia mtarekodi mkutano wa wazazi.”

“Ndiyo, tukio la kwanza kabisa. Wazazi sitini, ukumbi unajaa. Tunatafuta watu wa kukaa tu, hawasemi kitu.”

“Niweke na mimi. Niwe mzazi.”

Upande wa pili kunasikika karatasi zikipekuliwa. “Hilo halina shida, mzee! Nikuweke mbele, uonekane. Wote wananiomba mbele.”

“Hapana, usiniweke mbele.” Amesimama sasa, simu ameishika kwa mikono miwili. “Wala pembeni. Niweke katikati ya benchi. Na benchi lijae, binti yangu, msituachie nafasi. Huku awepo mtu na huku awepo mtu. Nataka kubanwa.”

Binti anacheka, kicheko chake kile kikubwa, halafu anakiacha ghafla.

“Sawa, mzee wangu,” anasema. “Tutakubana.”